Umenikuta

Ukitaja Kibiti kwenye vijiwe vya chuo, watu wanakumbuka 2017 na yale mauaji, au wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Mikeka haitajwi. Na huku nusu ya watu wa bloku yetu wanalalia mikeka, wanapiga msuli juu ya mikeka, wanakaribishia wageni mikeka. Kama wako si wa plastiki, una mistari ya zambarau na kijani, na ulinunuliwa njia ya Mbagala, inawezekana kabisa mikono iliyousuka iko Rufiji au Kibiti.

Mimi nilipelekwa huko na BTP. Sekondari niliyopangiwa iko ndani ya delta, upande wa Kibiti, kule ambako barabara inaishia Nyamisati na baada ya hapo unazungumza na watu wa boti. Mto Rufiji ukikaribia bahari unagawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo kuna visiwa vya tope na mikoko vyenye vijiji, misikiti, shule na mashamba ya mpunga. Mikoko peke yake ni takriban hekta 53,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo kwenye pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mbele yake, baharini, kiko kisiwa cha Mafia. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nilifundisha Biolojia kidato cha pili, nikapanga chumba kwa bibi mmoja msukaji ambaye mumewe ni mvuvi.

Mkeka unaanza na mkindu. Hukatwa makuti machanga ya katikati, yale ambayo hayajafunguka. Yanaanikwa mpaka yanakuwa meupe, yanachanwa kuwa chane nyembamba, na chane zinazotakiwa rangi zinachemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga. Hapo ndipo unasukwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, unaoviringishwa kama tairi kadiri unavyorefuka. Ukili ukitosha, unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Bibi alikuwa anasuka bila kutazama mikono, anasuka anasimulia, anasuka anagombeza kuku. Mimi nilichukua jioni tatu kupata ukili wa urefu wa rula, na ulikuwa umepinda. Mwanaume kusuka ukili kule ni kichekesho, maana nyavu ndiyo kazi ya wanaume. Ndani ya wiki wanafunzi walishanipa jina: Ticha Ukili.

Wazo la kuleta uzi na wanyama mahali pamoja nilikuwa nalo kabla sijafika. Mwaka wa pili nilisoma habari za kisiwa cha Erub, katika mlango bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea. Nyavu zilizopotea au kutupwa na meli za uvuvi huelea huko zikinasa kasa na kila kinachopita. Wasanii wa Erub wanaziokota, wanazifumua, wanasuka kutokana nazo kasa, papa na samaki wakubwa kuliko mtu. Kazi zao zimefika hadi makumbusho ya bahari ya Monaco. Kuna pia wale dada wawili wa huko Los Angeles, Margaret na Christine Wertheim, walioanza mwaka 2005 kufuma matumbawe kwa sindano ya kroshia, na maelfu ya watu duniani wakajiunga nao. Niliandika kwenye andalio langu la klabu ya mazingira: tutasuka wanyama wa delta walio hatarini, na viumbe wageni wanaowahatarisha. Mnyama wa kwanza angekuwa nguva.

Basi nikawaambia klabu wachore nguva, kila mtu kwenye karatasi yake. Karibu wote walichora msichana mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Mmoja alimwekea hereni.

Kiswahili kimechangia, kwa sababu neno nguva linabeba viumbe viwili, mnyama wa baharini na yule binti wa hadithi. Lakini hawa ni watoto wa maji ambayo ni miongoni mwa sehemu chache za mwisho za Tanzania ambako nguva halisi bado wapo. Nguva ni mnyonyeshaji, anakula nyasi bahari, anabeba mimba zaidi ya mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na anaweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Piga hesabu mwenyewe: ukiua jike mmoja umeua ukoo. Desemba 2022 IUCN iliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini mno kutoweka. Kundi pekee la maana lililobaki upande huu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji. Sasa mtoto wa delta anamjua nguva wa katuni, na yule wa kwenye maji ya babu yake hamjui.

Nikampelekea mwenye nyumba wangu michoro ile. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Hana nywele huyu, mjukuu wangu. Ana mdomo kama wa ng'ombe." Akachukua kijiti akamchora mchangani: mwili kama gunia la mpunga, mikono mifupi, mkia uliogawanyika kama wa nyangumi. Wa mwisho kumwona kwa macho alikuwa kwenye jarife lake mwenyewe, kitinda mimba wake alipokuwa bado darasa la kwanza. Huyo kitinda mimba sasa ana watoto.

Asiyejua jarife: ni wavu wa matundu makubwa unaotegwa kwa papa na taa. Unatandazwa, unaachwa, unarudiwa baadaye. Nguva na kasa wanavuta hewa juu kama sisi, wakinaswa chini wanakufa maji. "Jarife halina macho," Babu alisema. "Nalitega papa, anaingia yeye." Hakuisema kwa kujitetea, wala hakuomba radhi. Lile jarife la zamani lilikuwa bado limetundikwa uani, limechakaa, kuku wanatagia ndani yake.

Jambo ambalo Erub hawakulazimika kulikabili ni hili. Nyavu zao nyingi zinatoka mbali, kwa meli za watu wasiowajua. Ni rahisi kusuka lawama ya mtu wa mbali. Hapa wavu una mwenyewe, na mwenyewe anakula na wewe ugali usiku.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya orodha ya pili, ya wageni waharibifu. Mnajua jinsi tunavyofundisha sekondari: kitabu kinasema kwa Kiingereza, mwanafunzi anakariri kwa Kiingereza, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Ticha, hiyo ni nini kwa Kiswahili?" Kiswahili cha wataalamu kipo, na ndicho kinachotumika kwenye vikao na mabango: viumbe vamizi. Nikakiandika ubaoni. Kimya kidogo. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza bila utani wowote, "Kama watu wa mpunga?"

Wenzake wakacheka kile kicheko cha kuangaliana.

Mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani. Ndani ya hifadhi hiyo kuna watu, na kuna mpunga. Kwa miaka mingi wakulima wa mpunga wa kaskazini mwa delta wameitwa wavamizi wa msitu, na wameambiwa waondoke. Mikoko imekatwa kweli kupisha mpunga, hilo halina ubishi, na mikoko ikiondoka na mazalia ya kambamiti yanaondoka. Lakini mtoto anayekula wali wa shamba hilo amelisikia neno mvamizi likisemwa na wageni wenye mafaili kabla hajalisikia kwenye Biolojia. Kwake lina sura, na sura hiyo ni ya baba yake mdogo.

Kipindi kiligeuka mjadala. Nani mgeni, nani mwenyeji? Tangu lini? Nani anaandika orodha? Mvulana mmoja alisema mwarobaini ulikuja kutoka India na hakuna anayeuita vamizi kwa sababu unatibu. Mwingine akasema muhogo nao ulikuja kwa meli. Nikawapa kunguru.

Kunguru mweusi tunayemjua Dar, yule mwenye shingo ya kijivu, ni wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili asafishe takataka za mji. Yaani huyu alikuja kwa ajira, tena ya halmashauri! Kisha akavuka, akasambaa pwani. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na visiwani ambako ndege ni wachache na hawana pa kukimbilia, hasara yake ni kubwa. Pemba peke yake ina ndege wasiopatikana kokote duniani. Kwa hiyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema kunguru hana kosa. Analo. Nasema tu kwamba kuna aliyemleta, na huyo kwenye somo la viumbe vamizi hatajwi.

Siku chache baadaye kiota cha kunguru kilianguka kutoka kwenye mwembe wa shule, wanafunzi wakaniletea mezani. Kilisukwa kwa waya: vipande vya waya wa umeme, waya wa kufungia mabati, na katikati nyuzi za nailoni za nyavu. Tukakiweka pembeni ya kiota cha mnana tulichookota mtoni. Mnana anachana majani ya mnazi au matete kuwa nyuzi nyembamba, anapitisha huku na huku kwa mdomo, anafunga mafundo. Bibi alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama ukili wangu. Cha mnana akakisifu. Cha kunguru akakigeuza, akajaribu kuvuta waya mmoja, haukutoka. "Huyu naye fundi," alisema, "ila hana mkindu."

Kuna watu watasema suluhisho ni kusuka kwa kutumia mgeni mwenyewe. Mimi ni mtu wa Sengerema, nimekua nikiangalia gugumaji likiziba mialo ya Ziwa Viktoria tangu lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kule Kisumu, upande wa Kenya, akina mama wanalikausha na kusuka vikapu, viti, hata mapazia. Kazi ni nzuri na pesa inaingia, siibezi. Ila ziwa halijawahi kusafishwa na vikapu. Vile vidudu vilivyoletwa miaka ya 1990 kula gugumaji vilifanya zaidi. Na ukishaweka mtaji kwenye adui, siku adui akipungua unalalamika. Delta haina gugu la namna hiyo la kusukia. Ina mkindu wake.

Tukarudi kwenye mkeka. Mpango wangu wa kuchora nguva kwa chane za rangi ulikufa sebuleni kwa Bibi ndani ya dakika mbili. "Mtu ataswali juu ya mnyama?" Delta ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na mkeka haujui leo utatandikwa kwa ajili ya nani: mgonjwa, bwana harusi, maiti, au mtu anayetafuta kibla. Ndiyo maana mapambo yake ni mistari, pembe, vitone na maneno. Kuna wasukaji wanaoweza kuingiza herufi kwenye ukili, na Bibi ni mmoja wao.

Kwa hiyo tutaandika. Wanafunzi wakatoa mapendekezo, mengi yenye harufu ya bango. Tumlinde nguva. Mazingira ni uhai. Bibi akayakataa moja baada ya jingine. "Hilo la fulana. Hilo la ukutani pale zahanati." Alitufundisha kitu ambacho kila mwenye dada anakijua ila sisi wa chuo tunakisahau tukipewa kipaza sauti: kanga haisemi moja kwa moja. Vazi lenyewe limeitwa kwa jina la ndege, kwa zile nukta za kwanza zilizofanana na manyoya ya kanga, na jina linaloandikwa chini yake linarushwa hewani. Anayehusika atalidaka mwenyewe. Ukimwambia mvuvi asitege, mtagombana. Ukimwachia neno akalikalia, atalala nalo.

Akafikiri, akasuka, akafikiri. Kisha akasema, "Umenikuta."

Basi, hilo tu. Herufi tisa.

Tulibishana siku nzima maana yake. Yule msichana wa dawati la nyuma alisema ni mtu wa mpunga anamwambia mtu wa faili: ulipofika mimi nilikuwepo. Mwenzake akasema hapana, ni nguva anamwambia jarife. Mvulana wa muhogo akasema ni kisiwa kinamwambia kunguru. Mmoja, ambaye naamini atakuwa mwanasheria, akasema linaweza pia kuwa la mwizi aliyekamatwa. Bibi hakusema nani yuko sahihi. Mimi nina langu: naona neno hilo linabana pande zote. Mkulima akilisema kwa bwana misitu, nguva anaweza kulisema kwa mkulima na mvuvi, na kwa haki ileile. Sijaona sentensi kwenye madesa yetu ya uhifadhi inayoweza kazi hiyo.

Wanafunzi walisuka ukili mwingi wa pembeni, wavulana wakiwemo, baada ya kuona Ticha Ukili hajafa. Bibi alisuka ule wa herufi peke yake, zambarau juu ya ukindu mweupe. Ilipofika kushona, akaishiwa uzi. Akamwangalia Babu. Babu akatoka uani, akafukuza kuku, akarudi na kipande cha lile jarife la zamani. Wakakaa wawili wakilifumua, wakizichambua nyuzi zake zipatikane nyembamba za kupita kwenye sindano. Nilitaka kusema kitu cha kuandikwa kwenye ripoti, bahati nzuri Bibi aliwahi kuzungumza: "Nailoni haiozi. Mkeka utadumu."

Ukiutazama kwa karibu ule mkeka, mishono yote ni rangi ya samawati iliyopauka. Ni wavu uleule.

Asesa wetu alipokuja aliuona, akaupiga picha, akaniuliza unaingia kwenye umahiri gani wa mtaala. Nikamjibu, tukajaza fomu. Shuleni walitaka utundikwe ukutani ofisini, kwenye fremu. Bibi akakataa kwa adabu. Mkeka wa ukutani, alisema, ni mkeka uliofiwa. Ukatandikwa barazani kwake, na kwa wiki zangu za mwisho kule wavuvi wanne watano walikuwa wanakaa juu yake kila baada ya Alasiri, wakinywa kahawa, wakizungumza bei ya kambamiti na ubovu wa mashine. Siku moja nilimsikia mmoja akisoma kwa kuzifuatisha herufi kwa kidole, u-me-ni-ku-ta, kisha akauliza, "Nani huyo?" Babu akamjibu kuwa ni nguva. Mazungumzo yakahama: nani alimwona mwisho, wapi, alikuwa mkubwa kiasi gani, nyama yake iligawanywaje, na kama kweli bado wapo upande wa Mafia. Yalichukua mpaka Magharibi. Mvuvi mmoja kijana alisema yeye jarife lake halitegi tena penye nyasi bahari, kwa sababu kasa wanalichana na kulishona ni hasara. Mwingine akamwambia subiri papa wapande bei, tutaona. Hakuna aliyeapa chochote.

Bibi alinipigia mwezi uliopita. Mkeka umeondoka. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri boti ya kwenda Kilindoni alialikwa barazani kupisha jua, akaukalia, akaupenda, akautolea elfu sitini palepale. Aliuliza maana ya neno, na Bibi akamwambia ndilo jina la mkeka. Sasa kuna watu wawili Mafia wameagiza wa namna hiyohiyo, na mmoja anataka neno lake mwenyewe. Jarife limebaki kipande kidogo, kinatosha kushona mmoja. Kanituma Kariakoo nikamtafutie rangi: zambarau pakiti mbili, nyekundu moja, na niangalie isiwe ile inayochujuka.